Mjamzito na eksirei: Kinachomdhuru mtoto tumboni na kisichomdhuru

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MLANGO wa chumba cha eksirei huwa na alama isiyosahaulika: nukta nyeusi iliyozungukwa na mabawa matatu juu ya rangi ya njano. Pembeni yake huwapo maandishi yanayomtaka mwanamke mwenye mimba, au anayedhani kuwa nayo, amwarifu mhudumu kabla hajapigwa picha.

Tangazo hilo ni fupi na ni la lazima, lakini halielezi kinachofuata. Mwanamke akishasema kwamba ana mimba, je, arudishwe nyumbani bila kipimo? Na yule aliyepigwa picha mwezi uliopita, kisha leo akagundua kuwa wakati ule alikuwa na ujauzito wa wiki sita, afanye nini?

Kwa mwanamke wa Tanga, awe anaishi Ngamiani katikati ya jiji, Pangani au kijiji cha karibu na mpaka wa Horohoro, maswali hayo hayana jibu moja la ndiyo au hapana. Jibu hutegemea mambo matatu: ni sehemu gani ya mwili iliyopigwa picha, mimba ilikuwa na umri gani, na ni kiasi gani cha mionzi kilichomfikia mtoto. Asiyeyajua mambo hayo huweza kuangukia katika moja ya makosa mawili. La kwanza ni kumpitisha mama kwenye mashine kubwa bila kumwuliza lolote. La pili, ambalo halisemwi sana, ni kumnyima kipimo kinachoweza kuokoa maisha yake kwa hofu isiyo na msingi.

Neno moja, vitu vingi

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na lugha yenyewe. Kiswahili kina neno moja, mionzi, linalobeba mwanga wa jua, mawimbi ya simu ya mkononi, eksirei na hata miale inayotoka katika madini ya urani. Kwa msikilizaji wa kawaida vyote hivyo ni ndugu wa tumbo moja. Kwa mwanafizikia, havifanani hata kidogo katika jambo linalohusu mimba.

Mionzi inayotiliwa shaka ni ile yenye nguvu ya kuing'oa elektroni kutoka katika atomu, na hivyo kuweza kuharibu chembe hai na maumbile ya urithi yaliyo ndani yake. Eksirei, ambazo Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alizigundua mwaka 1895, zimo katika kundi hilo, pamoja na mionzi ya gama inayotumika katika tiba ya saratani. Mawimbi ya simu na ya minara yake hayamo, kwa kuwa hayana nguvu ya kufanya hivyo.

Kipimo cha altrasaundi, ambacho wajawazito wengi hukiita kwa jina la "picha", nacho hakimo. Mashine hiyo haitoi mionzi kabisa. Hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha hupokea mwangwi wake na kuugeuza kuwa taswira, kwa kanuni ileile ambayo meli zinazoingia Bandari ya Tanga huitumia kupima kina cha maji. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito afanyiwe kipimo hicho angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Anayekikimbia kwa kuogopa mionzi anakimbia kitu ambacho hakipo. Mashine ya MRI, inayotumia sumaku, nayo haitoi mionzi ya aina hiyo.

Kifua si tumbo

Kiasi cha mionzi kinachoingia mwilini hupimwa kwa kizio kiitwacho grei. Kwa kuwa grei moja ni kubwa mno kwa vipimo vya hospitali, wataalamu hutumia miligrei, yaani sehemu moja ya elfu ya grei.

Mwaka 2000 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi (ICRP) ilitoa chapisho lake namba 84, linalohusu ujauzito na mionzi ya kitabibu. Humo mna makadirio ya mionzi inayomfikia mtoto tumboni katika vipimo vya kawaida. Eksirei ya kifua humfikishia chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei. Eksirei ya fuvu la kichwa ni vivyo hivyo. Sababu ni nyepesi: miale huelekezwa kifuani au kichwani, na kinachofika kwenye mfuko wa uzazi ni mabaki tu yaliyotawanyika ndani ya mwili. Picha ya jino, mkono au kifundo cha mguu iko katika hali hiyohiyo.

Mambo hubadilika miale inapopita tumboni kwenyewe. Eksirei ya tumbo humfikishia mtoto wastani wa miligrei 1.4, ya nyonga 1.1, na ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno 1.7, ingawa hiyo ya mwisho imewahi kufikia miligrei 10. Mashine ya CT, ambayo hupiga picha nyingi mfululizo kuuzunguka mwili, hutoa zaidi: wastani wa miligrei 8 kwa tumbo na 25 kwa nyonga, na kiwango cha juu kilichoorodheshwa kwa nyonga ni 79. Lakini CT ya kichwa, ambayo huwatisha watu kwa ukubwa wa mashine yake, humfikishia mtoto kiasi kidogo kuliko hata elfu tano za miligrei, yaani 0.005.

Takwimu hizo zinapaswa kuwekwa kando ya nyingine mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto yeyote, hata ambaye mama yake hajawahi kukanyaga hospitali, hupokea kati ya nusu miligrei na miligrei moja katika kipindi chote cha ujauzito, kutoka ardhini, angani na katika chakula. Ya pili ni miligrei 100. Chini ya kiwango hicho, tume hiyo ilisema, mionzi pekee si sababu ya kuitoa mimba. Kwa hiyo mwanamke angelazimika kupigwa picha za kifua zaidi ya elfu kumi ili mtoto wake akifikie.

Mashine za CT zimefanya elimu hii iwe ya haraka zaidi. Zamani mgonjwa wa Tanga mara nyingi alilazimika kusafiri hadi Dar es Salaam au Moshi kukifuata kipimo hicho. Katika miaka ya karibuni serikali imezisambaza katika hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua njema, lakini inamaanisha pia kwamba kipimo chenye mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida sasa kiko karibu na wanawake wengi zaidi, na swali la mimba halina budi kuulizwa mara nyingi zaidi.

Wiki zenye hatari

Mengi yanayojulikana kuhusu athari za mionzi mikubwa kwa mtoto tumboni yalipatikana kwa gharama ya kutisha. Marekani ilipodondosha mabomu ya atomiki katika miji ya Japani ya Hiroshima, Agosti 6, 1945, na Nagasaki siku tatu baadaye, walikuwamo wanawake wajawazito walionusurika. Watoto wao wapatao 1,600 walifuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi, na takriban 30 miongoni mwao walikutwa na udumavu mkubwa wa akili.

Watafiti walipoangalia umri wa mimba siku ya bomu, waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Madhara hayo hayakutawanyika sawasawa. Yalirundikana kwa watoto waliokuwa na wiki ya nane hadi ya 15 tangu kutungwa, wakati chembe za ubongo zinapozaliana na kuhama kwa kasi kwenda mahali pake. Kati ya wiki ya 16 na ya 25 yalikuwapo, lakini kwa uchache. Kabla ya wiki ya nane na baada ya ya 25 hayakuonekana. Aidha, ICRP imeeleza kuwa udumavu huo hautokei chini ya takriban miligrei 300, kiasi ambacho kipimo kimoja cha kawaida cha hospitali hakikifikii.

Kipindi cha wiki ya tatu hadi ya nane ndicho ambacho viungo hutengenezwa, na mionzi mikubwa, kuanzia miligrei 100 kwenda juu, huweza kusababisha ulemavu wa maumbile. Katika wiki mbili za kwanza kabisa, mimba iliyopigwa na mionzi mikubwa ama huharibika, mara nyingi bila mwanamke kujua kuwa alikuwa nayo, ama huendelea bila kasoro.

Hapa pana mtego mdogo wa hesabu. Wanasayansi huhesabu wiki tangu mimba ilipotungwa, lakini kliniki ya mama na mtoto huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni wiki mbili nyuma. Hivyo wiki ya nane hadi ya 15 ya watafiti ni wiki ya 10 hadi ya 17 katika kadi ya kliniki. Anayesoma taarifa za mionzi huku ameishika kadi yake hana budi kuikumbuka tofauti hiyo.

Mama waliosikilizwa Oxford

Kama udumavu wa akili unahitaji mionzi mingi, saratani ni suala jingine, na ndiyo sababu hakuna daktari makini anayesema kwamba eksirei ya tumbo kwa mjamzito ni kitu cha kupuuzwa.

Katika miaka ya 1950 daktari wa Uingereza, Alice Stewart, akiwa Oxford, alitaka kujua kwa nini watoto wengi walikuwa wakifa kwa saratani ya damu. Badala ya kuanza na maabara alianza na akina mama. Waliofiwa na watoto waliulizwa maswali mengi kuhusu ujauzito wao, na majibu yao yakalinganishwa na ya mama ambao watoto wao walikuwa wazima. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa eksirei. Mama waliopigwa picha za tumbo na nyonga walipokuwa wajawazito walionekana kwa wingi zaidi katika kundi la waliofiwa.

Stewart na wenzake walitangaza matokeo ya awali mwaka 1956 na ripoti kamili mwaka 1958. Hawakupokewa kwa vigelegele. Eksirei ilikuwa fahari ya hospitali za zama zile, na ilitumika kwa wajawazito kuangalia mlalo wa mtoto na upana wa nyonga. Wakosoaji walidai kwamba mama aliyefiwa hukumbuka mambo mengi kuliko asiyefiwa. Mwaka 1962 Brian MacMahon wa Marekani alichapisha utafiti uliotegemea kumbukumbu za hospitali na si za akina mama, na wenyewe ukaonyesha mwelekeo uleule. Kwa bahati njema, mwaka huohuo wa 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walikuwa wameonyesha kuwa altrasaundi inaweza kumwona mtoto tumboni. Eksirei ya kuchungulia mimba ikaanza kutoweka.

Hatari aliyoigundua Stewart ni ya kweli, lakini ni ndogo kwa mtoto mmoja mmoja. Kwa makadirio ya ICRP, katika kila watoto 1,000 ambao hawakupata mionzi ya ziada tumboni, 997 hufika umri wa miaka 19 bila saratani. Wakipewa miligrei 10 kila mmoja, watakuwa 996. Wakipewa miligrei 100, watakuwa 991. Kuhusu ulemavu wa kuzaliwa, takriban watoto watatu katika kila 100 huzaliwa nao kwa sababu mbalimbali, na idadi hiyo haibadiliki mionzi ikiwa chini ya miligrei 100. Jambo hili la mwisho lina uzito wake katika familia, kwa sababu mtoto akizaliwa na kasoro, lawama haikawii kutafuta pa kutua, na eksirei ya mama ni shabaha rahisi.

Hofu nayo huua

Aprili 26, 1986, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka katika Ukraine ya zama za Muungano wa Kisovieti. Ugiriki iko mbali na hapo, na mionzi iliyowafikia wananchi wake ilikuwa kidogo sana. Hata hivyo, madaktari waliogopa, magazeti yakaogofya, na utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ukakadiria kuwa takriban asilimia 23 ya mimba changa za kipindi cha baada ya ajali zilitolewa nchini humo. Ni mimba zipatazo 2,500 zilizokuwa zikitakiwa na wenyewe. Mionzi haikuwagusa watoto hao kwa kiasi cha kuwadhuru. Kilichowaondoa ni ushauri.

Tanzania haina mtambo kama huo, lakini ushauri wa namna ile hauhitaji mtambo. Unahitaji mtu mmoja tu mwenye joho jeupe, au shoga wa karibu, anayemwambia mama kwamba mtoto aliyepigwa eksirei "ameshaharibika". Na hapa nchini ushauri huo ni wa hatari maradufu. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 150 hadi 152, inaharamisha utoaji mimba isipokuwa kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama. Mwanamke anayeshawishika kwamba amebeba mtoto aliyeharibika anaweza kuishia kwa mtu wa vichochoroni, huko ambako hatari ya kupoteza maisha ni kubwa kupindukia ikilinganishwa na ile ya picha yenyewe.

Hofu huua pia kwa njia ya kimya, pale mjamzito anapokataliwa kipimo au anapokikataa mwenyewe. Tanzania imo katika orodha ya WHO ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mjamzito anayekohoa kwa wiki kadhaa, anayetokwa jasho usiku na kupungua uzito, anapaswa kuchunguzwa. Kipimo cha makohozi ndicho hutangulia, lakini daktari akiona haja ya eksirei ya kifua, hakuna sababu ya kusubiri hadi ajifungue. Kifua kikuu kisichotibiwa huweza kumwua mama, kusababisha mtoto azaliwe kabla ya wakati au na uzito mdogo, na kumwambukiza mara anapozaliwa. Upande wa pili wa mizani kuna mionzi iliyo chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei.

Ndivyo ilivyo pia kwa ajali. Barabara inayoingia Tanga kutoka Segera kupitia Muheza hupitisha mabasi na malori, na mitaani bodaboda ndiyo usafiri wa wengi, wajawazito wakiwamo. Mama aliyeumia kichwa na kupoteza fahamu anahitaji CT ya kichwa bila kuchelewa. Hata ya tumbo, kama inashukiwa kuwa anavuja damu ndani na altrasaundi haikutoa jibu, hufanywa. Mama akifa, mtoto hafaidiki na mionzi iliyoepukwa.

Panapostahili woga

Kuna milango ambayo mjamzito hapaswi kuivuka bila mjadala mzito. Mkubwa ni wa tiba ya mionzi. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, hutibiwa kwa mionzi katika vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na wagonjwa wa Tanga ni miongoni mwa wanaoifuata tiba hiyo mbali na kwao. Mionzi inayoelekezwa nyonga kwa ajili ya tiba hiyo hufikia grei 45 hadi 50. Zinapogeuzwa kuwa kizio kilichotumika juu, ni miligrei 45,000 na zaidi. Mimba haiwezi kunusurika hapo. Ugonjwa ukigundulika wakati wa ujauzito, uamuzi kuhusu kusubiri, kuzalisha mapema au kuanza tiba hutegemea hatua ya saratani na umri wa mimba, na ni uamuzi wa mama, familia na jopo la wataalamu kwa pamoja.

Mlango wa pili ni iodini ya mionzi, iodini 131, inayotolewa kama dawa ya kunywa kwa baadhi ya magonjwa ya tezi ya shingo. Hii haielekezwi mahali pamoja kama eksirei. Huingia katika damu na kuvuka kondo la nyuma. Kuanzia takriban wiki ya 10 hadi ya 12, tezi ya mtoto huanza kuikusanya iodini, nayo haichagui iliyo salama na isiyo salama. Huweza kuunguzwa kabisa na mtoto akazaliwa bila tezi inayofanya kazi. Ndiyo maana mwanamke hupimwa mimba kabla ya kupewa dawa hiyo, hushauriwa asishike mimba kwa miezi sita baadaye, na anayenyonyesha huacha kumnyonyesha mtoto aliyenaye.

Anayemshika mtoto, anayepiga picha

Si wagonjwa peke yao wanaoingia chumba cha eksirei. Mtoto mdogo aliyevunjika mkono hupelekwa na mama yake, na mara nyingi huyo ndiye huombwa amshike ili asitikisike. Kama mama huyo ni mjamzito, aseme, na kazi hiyo apewe baba, shangazi au mtu mwingine mzima. Hili ni jambo dogo ambalo tangazo la mlangoni aghalabu hulisahau, kwani humwelekea mgonjwa na kumwacha msindikizaji.

Wapo pia wanaofanya kazi humo kila siku. Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), yenye makao makuu Arusha, ikachukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Kanuni za kinga dhidi ya mionzi zilifuata mwaka 2004. Tume ndiyo hutoa leseni kwa vituo vyenye vyanzo vya mionzi, huvikagua, na husoma vipimo vidogo ambavyo wafanyakazi huvivaa kifuani ili kujua kila mmoja amepokea kiasi gani.

Mfanyakazi akishatoa taarifa kuwa ni mjamzito, kiwango kinachokubalika kimataifa ni kwamba mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisiveti moja kwa kipindi chote kilichobaki, sawa na kikomo cha mwaka mzima kwa raia wa kawaida. Kwa eksirei, milisiveti moja inaweza kuchukuliwa kuwa sawa na miligrei moja. Hilo halimaanishi kwamba lazima aondolewe kazini. Mwenye kupiga picha akiwa nyuma ya ukuta wa kinga hupokea kidogo sana. Kinachobadilishwa ni zamu za vyumba vya upasuaji na kazi nyingine zinazomweka karibu na miale. Asiyesema kwa kuogopa kupoteza kazi ndiye anayebaki bila kinga, na hapo mwajiri hana budi kujiuliza kwa nini aliogopwa.

Nje ya hospitali, viwanda na miradi ya ujenzi nayo hutumia vyanzo vya mionzi. Katika ujenzi wa mabomba kama lile la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, mishono ya chuma hukaguliwa ama kwa mawimbi ya sauti ama kwa mionzi. Panapotumika mionzi, eneo huzungushiwa utepe na alama ileile ya mabawa matatu. Kwa anayepita na kubaki nje ya utepe huo hakuna cha kuhofu. Kuuruka ili kufupisha njia ni jambo lingine.

Kuhusu vazi zito la madini ya risasi ambalo wengi hulitazamia kufunikwa tumboni, mambo yamebadilika. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilitoa msimamo kwamba ufunikaji huo usiwe wa kawaida tena. Katika picha ya kifua, mionzi inayomfikia mtoto husambaa kutoka ndani ya mwili wa mama mwenyewe, ambako vazi halifiki. Na likikaa vibaya huziba kinachotafutwa na kulazimisha picha irudiwe. Hospitali nyingi bado hulitumia, na mama akilitaka hakuna ubaya. Ila asiyefunikwa asidhani ametelekezwa.

Mchanga wa Kwale na wa Kerala

Wakazi wa Mkinga wana jirani ambaye wanasayansi wa mionzi humjua vyema. Ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, kipo Kilima cha Mrima, ambacho miamba yake ina thoriamu kwa wingi na ambako mionzi ya asili ni mikubwa kuliko ya maeneo ya kawaida. Swali la kama mimba huathiriwa mahali pa namna hiyo limechunguzwa kwa kina upande wa pili wa Bahari ya Hindi, katika pwani ya Kerala nchini India, ambako mchanga una monaziti. Huko watoto wachanga zaidi ya 36,000 walikaguliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 hayakuonyesha kwamba wanaozaliwa kwenye mchanga huo wana ulemavu zaidi ya wenzao.

Swali linaloulizwa vibaya

Linabaki lile swali la mlangoni, "una mimba?" Kulijibu si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Kuficha mimba changa kwa kuogopa maneno na husuda ni desturi ya wengi, na mwanamke aliyesimama na wakwe zake hatalijibu kwa uwazi mbele ya foleni. Pia wapo wasiojua. Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango anaweza kukaa miezi bila kuona siku zake, anayenyonyesha vilevile. Kumwuliza huyo tarehe ya hedhi ya mwisho hakumsaidii mtu. Kwa picha ya kifua au ya mguu, kutokujua huko hakuna madhara makubwa. Kwa CT ya tumbo au nyonga, kipimo cha mkojo, ambacho ni cha bei nafuu na hutoa jibu kwa dakika chache, ndicho cha kutegemea, nalo swali liulizwe faraghani.

Na kwa aliyekwishapigwa picha kabla hajajua, hatua ya kwanza ni kuipata karatasi ya kipimo: tarehe, sehemu ya mwili, idadi ya picha na, kama ni CT, kiwango cha mionzi ambacho mashine yenyewe hukiandika. Kwa taarifa hizo mwanafizikia wa tiba anaweza kukokotoa kilichomfikia mtoto, na daktari wa kliniki akakiweka kando ya umri wa mimba. Karatasi hiyo ni haki ya mgonjwa kuiomba, na inafaa ikae ndani ya kadi ya kliniki hadi siku ya kujifungua.